Kipengele cha Saba

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Nilizijaza kwa wino mweusi, kama walivyoagiza,
kwenye meza ya mpigachapa nyuma ya soko la Malindi,
feni ikipeperusha viambatisho,
nami nikivilaza kwa jiwe, na jiwe kwa kiwiko.

Mwombaji: kampuni. Mimi ni mkono wake tu.
Mradi: barabara ya mita mia tatu na arobaini
kufikia nyumba za wageni ambazo bado ni vigingi na kamba.
Kitakachovukwa: kijito.
Kitakachofukiwa: nusu eka ya ardhi oevu.

Ardhi oevu! Neno limevaa tai.
Kule Sabaki hakuna aliyewahi kuzama katika ardhi oevu.
Watu huzama matopeni, wakacheka, wakavutana mikono.

Kipengele cha tano, watumiaji wa maji.
Binadamu, tia alama. Mifugo, tia alama.
Vinginevyo, eleza.
Nikaeleza: viboko wawili, mama na ndama,
huja usiku wa manane, vitambulisho hawana.
Nikafuta. Nikaandika: wanyamapori.

Cha sita, vipimo.
Niliteremka alfajiri na chupa sita za maabara,
kila moja nikaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale,
mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka,
bila kukoroga tope,
bila kugusa kizibo kwa ndani.
Barafu nilinunua kwa muuza samaki.
Maabara ya Mombasa wakapiga simu:
"Dada, sampuli zako zinanuka nguru."
Nikarudia. Chupa sita nyingine, barafu ya zahanati.

Basi, cha saba.
Jina la chanzo cha maji.

Kwenye ramani kuna mstari wa buluu,
mwembamba kama mshipa wa kichanga,
na kando yake weupe mtupu.
Mhandisi akasema, "Andika kijito kisicho na jina, twende zetu."
Lakini siku ya chupa nilimkuta Mbodze,
maji kiunoni, akikata ndago za mikeka,
nikamuuliza, hapa panaitwaje?
Akanitazama kama niliyeuliza jua ni la nani.

"Ziya ra Haluwa."
Haluwa yupi?
"Hata bibi yangu hakumwona.
Alichimba akitafuta chumvi,
akapata maji matamu,
akakasirika, akaenda zake."

Nikaliandika hilo, herufi kubwa.

Siku ya kumi na tisa faili ikarudi,
duara jekundu juu ya cha saba:
Jina halimo kwenye ramani. Rekebisha.
Mhandisi hakusema nilikwambia.
Alisema katapila inalipiwa kwa siku.

Nikarudi mtoni na kidau cha wino.
Wakata ndago kumi na wanne wakaweka dole gumba,
karatasi ikaloa pembeni, nikaianika juu ya boneti.
Ada ya pili nililipa kwa fedha yangu.
Risiti sikuipeleka kwa mtu.

Jana cheti kimekuja.
Muhuri. Sahihi. Masharti tisa.
Sharti la nne: kalvati tatu badala ya moja,
"ili kutozuia mtiririko wa Ziara Haluwa."

Ziara.
Karani fulani, pengine karibu na saa ya chakula,
amesoma ziya ra, akaona kosa, akatusaidia.
Sasa ni mgeni kwenye karatasi ya serikali,
mama aliyepita kusalimia, chai haijachemka.

Nilimpelekea Mbodze nakala. Nikamsomea.
Alicheka hadi mundu ukamponyoka majini,
tukaupapasa kwa miguu, wawili.
Kisha akauliza, "Na hiyo nusu eka?"

Nusu eka iko ukurasa wa tatu, mama,
na ukurasa wa tatu umepita.

Fomu ya kurekebisha cheti ina kurasa nne.
Nimeichukua. Iko mkobani, chini ya kandambili zenye tope,
na huko ng'ambo ya matete
nasikia dereva akiipasha moto injini.