Sikio la Kushoto

Dirisha la nne, duka la vyombo vya umeme,
mjini Łódź, mtaa usioonja jua mpaka Aprili.
Mimi ndiye ninayepokea masikio yaliyokufa.

Huja kwa bahasha, kwa soksi, kwa kopo la tumbaku.
Mmoja alileta yake ndani ya mkate. Sikuuliza.
Waya umechunika pale unapokunjwa kila siku,
pini imepinda, nta imekauka kwenye wavu,
na kazi yangu ni kumtafuta wa kulaumiwa.
Fomu ina visanduku viwili:
kosa la kiwanda, kosa la mtumiaji.
Cha tatu, cha mvua na jasho na kulala nazo,
hakikuchapwa.

Bi Halszka alikuja Novemba,
msafishaji wa tramu, zamu ya usiku,
vidole vinanuka klorini.
"La kushoto," akasema.
Nikapiga muhuri, nikampa mpya.

Akaja Februari. "La kushoto."

Akaja Mei, hakusema neno,
aliligusa tu sikio lake mwenyewe.

Mei, risiti ilikuwa nyeupe.
Karatasi ile haivumilii joto la mfukoni:
waranti ni miezi ishirini na minne,
wino ni miezi saba.
Mali bila daftari huisha bila habari,
lakini huyu daftari alikuwa nalo, likajifuta lenyewe.
Nikaiinua kwenye taa. Kitu kama tisa.
Kitu kama kivuli cha bei.
Nyuma yangu meneja, Bwana Przybysz,
akakohoa kile kikohozi chake cha sera.

Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo isemwavyo.
Sera inasema: sikio la kufa
lirudishwe pamoja na boksi lake.

"Unasikiliza nini," nikauliza,
"kinachoua upande mmoja tu?"
Swali hilo halimo kwenye fomu.

Kinorwe, akasema.
Mwanawe yuko Tromsø, na mjukuu, Sunniva, miaka minne,
hajui Kipolandi hata cha kuombea maji.
Na masomo yale yamegawanywa:
kushoto mwalimu anauliza,
kulia mwanafunzi anajibu.
Kila pea, la kushoto humfia wiki ya pili,
na siku ya mapumziko ya kuja huku
huipata mwezi wa tatu.
"Kwa hiyo mimi najua majibu tu."

Akayamwaga pale kaunta, foleni ikiguna:
Ndiyo, dada wawili.
Hapana, leo tumekula samaki.
Kushoto, baada ya kanisa.
Lilikuwa jekundu, lakini limepotea.
Asante, bado.

Lipi lilikuwa jekundu?
Amekaa nalo tangu Machi, akisugua viti,
akiondoa tiketi zilizogandamana na sakafu,
akijaribu: koti? gari? jua la huko kwao?

Juzi mjukuu alipiga simu.
Akasema jambo refu, sauti ikipanda mwishoni,
na bibi akatoa alichokuwa nacho:
"Kushoto, baada ya kanisa."
Mtoto alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Nikaandika: kosa la kiwanda.
Tarehe nikaisoma kutoka karatasi tupu,
kwa sauti, Bwana Przybysz asikie.
Pea ya nne.

Hakuondoka.
Alizichomeka palepale, akatafuta somo la tisa,
akafumba macho, kiganja kimelala juu ya kaunta yangu
kama mtu anayepimwa presha.
Kijana mwenye kikaushia nywele kilichoungua
akaanza kulalamika, nikamwonyesha kidole: ngoja.

"Puto," akasema hatimaye.
"Alimwuliza puto lake ni la rangi gani."
Kisha akanyamaza, uso umemlegea kidogo,
maana muda wote huo, nadhani,
alikwisha kulipenda lile koti.

Akazikunja waya taratibu, mkunjo mpana,
kama nilivyomfundisha Februari.
"Haya," nikamwambia, "tutaonana Agosti."

"Asante," akajibu, kwa Kinorwe.
"Bado."