Mrefu, Mrefu, Mfupi, Mrefu

Kabla ya Luanda, ukitoka Maseno, kuna kibao
chenye herufi moja tu, W,
nusu yake imeshaliwa na kutu.
Nikikifikia, mkono huenda wenyewe kwenye honi.

Mrefu.
Mrefu.
Mfupi.
Mrefu, na huu siuachii
mpaka magurudumu ya mbele yaguse barabara.

Kitabu cha kazi kimeagiza hivyo, hakikueleza kwa nini.
Siku moja Kimosop, msaidizi wangu, kikombe mkononi,
akauliza: "Hivi hao wa sokoni huelewa nini?"

Nikampa tafsiri niliyojitungia usiku wa zamu.
Wa kwanza: naja.
Wa pili: naja kweli, wewe unayefunga gunia la omena
kwenye pikipiki katikati ya reli, si mzaha.
Mfupi: hapo nameza mate.
Wa mwisho si onyo tena, ni ombi,
maana nikishika breki hapa
nitasimama kule, nyuma ya kinu cha posho,
na kilichokuwa kati ya hapa na kule
kitakuwa kimeshakuwa.

Kimosop akanywa chai yake yote. Hakuuliza tena.

Miaka mingi njia hii ililala.
Nyanya zilipangwa kwa mafungu juu ya mataruma,
mbuzi wakafungwa kwenye reli kama kigingi cha urithi,
mtoto akazaliwa, akang'oa meno ya utoto,
akafika darasa la saba
bila kujua chuma hiki kilikuwa cha nini.
Tuliporudi na mabehewa yetu yaliyopakwa rangi upya
nilipuliza yote manne kwa ukamilifu,
na watu wakatupungia mikono!
Walidhani ni salamu.
Bodaboda walitujibu, pi-pi-piii,
mzee mmoja akavua kofia.
Mgongo wangu ulilowa jasho hadi Yala.

Ila kulikuwa na yule mshonaji.
Cherehani yake hatua tatu kutoka reli, mgongo kwangu,
hageuki.
Siku ya kwanza nilimtukana kwa lugha ya mama yangu.
Siku ya pili nilipuliza mpaka kunguru wakahama mnazi wa posta,
hageuki,
lakini kabla ya ule mlio mfupi
alikuwa amekunja kitambaa, amevuta kiti,
amemshika mtoto wa jirani kwa ukosi wa shati,
na kuketi tena, pembeni, kama aliyeitwa kwa jina.
Kiburi gani hiki, nikasema,
kinachotii kabla ya kuamriwa?

Halafu lori la mchanga likakwama kivukoni.
Saa nzima tumesimama, injini ikinguruma palepale.
Nikateremka.
Muuza parachichi akacheka: "Awinja? Umgombeze utakavyo.
Surua ilichukua masikio yake akiwa na miaka minne."

Awinja akanitazama, akatazama treni,
akanishika kiganja, akakibandika mezani
kando ya kikopo cha vifungo.
Vifungo vilikuwa vinacheza.
Vyeupe, vya kijani, kimoja cha koti la askari,
vyote vinagongana polepole
kwa habari ya injini yangu mwenyewe.

Kumbe nilikuwa nafika kwake
kabla ya kibao, kabla ya herufi,
pengine kabla sijapita ule mkaratusi wa Maseno.

Kimosop akaokota chaki yake, akamchorea juu ya kaniki:
mstari mrefu, mrefu, mfupi, mrefu,
kisha akanyoosha kidole kwangu, akapuliza mashavu.
Awinja alicheka bila sauti, mabega yakitikisika.
Akaona mkono wa ovaroli langu umechanika,
akauvuta chini ya sindano, nami bado nimeuvaa,
akashona.

Leo nimekikaribia kibao tena.
Mvua inanyesha upande wa Bunyore, soko limejaa.
Mkono unapanda kwenye honi,
na pale penye kifundo, uzi wa buluu:
pindo refu, refu,
fupi,
na la mwisho ambalo hakulikata,
limening'inia.