Sahani ya Damu ya Kondoo

Miaka miwili nilifungua kabati la joto
nikakuta sahani zimelala, nyekundu, shwari,
kama sakafu iliyopakwa rangi na watu wasihamie.
Leeuwarden nzima ilikuwa imejifunga mdomo.
Wasichana walipita na baiskeli, macho tu.
Shule ya mtaani ikabaki na kengele isiyomwita mtu,
na mimi, Wietske, ninayelipwa kutafuta wasioonekana,
nikapangusa vumbi kwenye darubini.

Tukasema: amekwisha.
Alikuwa kooni mwa huyu na yule,
amekaa kitako, hana haraka.

Novemba ile, barakoa zikiwa zimesahauliwa mifukoni mwa makoti,
nikaona duara angavu katikati ya wekundu.
Hapo damu imeliwa.
Ukiweza kusoma gazeti kupitia kwalo,
alinifundisha Bi Aukje kabla hajastaafu,
kahawa yako iache ipoe. Piga simu.

Nikapiga.

Chini ya lenzi walikuwa shanga,
zimetungwa na mtu asiye na subira.

Wa kwanza mpiga kodiani wa Dokkum, miaka sabini na mmoja,
alikwaruzwa na waya wa ua. Mkwaruzo tu.
Jumatano mkono. Alhamisi bega.
Ijumaa wakamfungia kodiani yake kwenye sanduku.
Wa pili mzazi wa siku tatu,
mtoto analia, ziwa limejaa, mwenye ziwa haitiki.
Wa tatu, ngoja kwanza.
Wa nne, wa tano na wa sita walikuja wiki moja,
na Sjoerd wa takwimu akaacha mizaha yake.

Sjoerd ana ramani ukutani na kopo la pini.
Mstari wake wa grafu ulikuwa umelala miaka miwili
kama mfereji ulioganda;
sasa umesimama wima, na yeye anasimama mbele yake
na sandwichi mkononi, haumi.
Tuliwasoma vijidudu herufi kwa herufi.
Kumi na mmoja kati ya kumi na wanne
walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mkutanoni, bwana mmoja kutoka Utrecht, tai imenyooka,
akasema hili ni deni:
kinga ilikaa bure, sasa inalipa na riba.
Pengine. Sina hesabu za kumpinga.
Nikaandika pembeni mwa karatasi: nani alikopa?
Wa tatu anaitwa Fenna.
Alizaliwa mwaka wa milango kufungwa.
Hakuweka sahihi popote.

Alikuwa na tetekuwanga, kama watoto wote wa chekechea yake.
Akajikuna lengelenge moja kwenye kifundo cha mguu.
Kwa simu waliambiwa: mpeni dawa ya homa, alale.
Akalala.
Saa kumi alfajiri damu yake ilikuwa mikononi mwangu, bado vuguvugu.

Baba yake nilimwona sokoni, kwenye kibanda cha jibini.
Hanijui. Mimi namjua kwa namba, moja moja nane saba.
Akanunua nusu kilo, akapewa kipande cha kuonja,
akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni.
Nikajua ni cha nani.
Nilitaka kumwambia kwamba penisilini, kikongwe yule,
bado anamweza huyu; kwamba mguu wa kulia ni mzima.
Hayo yote anayajua kuliko mimi.
Nikaomba jibini ya bizari, ambayo siipendi.

Leo asubuhi sahani kumi na tisa.
Kondoo waliotoa damu hii wako kwenye tuta la bahari,
migongo imelowa, wanakula majani yenye chumvi.
Naziinua kwenye taa, moja baada ya moja.
Ya kwanza nyekundu.
Ya pili nyekundu.
Ya tatu, nasoma kupitia kwayo
tarehe ya gazeti la jana.