Njiwa wa Darini

Naanza bila mapambo,
si hadithi, si mafumbo,
ni la kwetu hili jambo,
la Ibra, humu bondeni.

Mume wangu ana njiwa;
siku niliyoolewa
nikakuta wamejawa
kwenye banda la darini.

Huwaita kwa majina:
Durra, Fedha na Yasmina.
Mimi jina langu sina,
ni “We uliye jikoni.”

Akaanza kukohoa,
kukavu, kusikopoa,
na ngazi zikamtoa
pumzi zote za ndani.

Wakatwambia ni pumu.
Kifua hakifahamu;
kavuta bomba kwa zamu,
asubuhi na jioni.

Pili wakashuku wale
kifua kikuu kile;
akatema, mara tele,
kikombeni: hawaoni.

Jirani vikombe vyake
kaficha, kwa siri yake;
Badari na dele lake
wakahamia uani.

Mwanetu Muzna hataki:
“Dawa hizi hazishiki,
hapa sisi hatubaki.
Pandeni nyote garini!”

Alfajiri tukatoka,
majabali yakiwaka.
“Nani awape nafaka?”
atuuliza njiani.

Mashine kama bangili
ikamzunguka mwili;
nesi Lisi, mara mbili,
kaamuru dirishani:

“Usipumue!” Na yeye,
mwaka huu wa tatuye,
asonayo azuiye!
Nikacheka kwa huzuni.

Picha ikaja: mapafu
yamekatwa safu safu,
nyembamba kama sarafu,
pasi kisu mkononi.

Kompyuta kazihesabu,
kila doa la taabu,
kwa rangi ikaratibu
la juu na la pembeni.

Tabibu, jina Thuraya,
mdogo, mwingi wa haya,
akasema: “Bibi, haya
tazama hapo kioni.

Kama kioo cha gari
kilopuliziwa hari
na mtoto, yu tayari
aandike jina ndani.”

Mashine imemaliza.
Ndipo akaniuliza,
kalamu kainamiza:
“Mwafuga nini nyumbani?”

Badari kanitazama,
jicho la “usije sema.”
Nikasema! Nikasema
njiwa wote wa darini.

“Vumbi la manyoya yao
na kavu vinyesi vyao,
mwili hufanya ni hao
maadui mapafuni.”

Babake, banda ni lile,
kakohoa vilevile;
wakamtafuta yule
mwenye jicho, mwenye jini.

Kwa uzi wenye barafu
wakagusa ndani pafu;
kijisehemu dhaifu
kikatokea kinywani.

Vidonge vya kupoesha,
na vipya, vya kusitisha
kovu, si vya kulifisha:
litulie mle ndani.

“Dawa kubwa,” kaongeza,
“duka halijaiuza:
ni njiwa kuwapoteza,
wasirejee nyumbani.”

Akalia. Tangu ndoa
chozi sijamuondoa;
kilemba akakitoa,
akaficha uso ndani.

Nami yangu nikapewa:
udi marufuku. Sawa.
Chetezo kikapakiwa
na ubani, sandukuni.

Tukawapeleka mbali,
Sohari, kwa Bin Hilali,
masaa ya lami kali,
wakalia vikapuni.

Siku ya tano, Yasmina
huyo dirishani tena,
kachoka, mabawa hana,
agonga, ataka ndani.

Akasogea kioo,
asifungue komeo;
akapulizia. Leo
pana ukungu kioni.

Kwa kidole kaandika
jina; likachuruzika
kabla sijalitamka.
Sikuuliza ni nani.

Juzi kapuliza tena
mrija, kwa nguvu sana;
namba ni ya mwaka jana,
haijateleza chini.

Sasa ngazi, ziko kumi,
azipanda kwa uchumi;
banda kimya, bila vumi.
Naanika nguo ndani.