Bati la Halwa

Ami Zahran alikuwa na sauti ya kuuzia mbuzi.
Ijumaa, Nizwa, jua halijavuka ukuta wa ngome,
huzunguka duara, kamba mkononi,
arubaini, arubaini na mbili, nani anaongeza,
na aliyelala bado ng'ambo ya wadi
alijua beberu wa nani kapata bei.

Kisha Maskati, hospitali, kisu.
Walitoa uvimbe, sauti ikatoka nao
kama mwiba unaong'oka na nyama.
Kilichobaki ni upepo wa chini ya mlango.
Akawa anaandika. Hati yake mbaya:
"chai" nikisoma "choo",
tukacheka wote wawili, mmoja bila mlio.

Mimi si fundi. Ni karani wa bima
niliyewahi kufungua redio ya mama
nikaifunga zikabaki skrubu mbili,
na redio ikasema vilevile.

Kwa Shafiq, kule viwandani, vitu huenda kwa kilo.
Landikruza iliyopinduka njia ya Haima:
nikaing'oa redio, na ndani yake chipu moja nyeusi
yenye miguu kama tandu.
Laptopu ya mwanafunzi: betri sita,
tatu zimekufa, tatu zina roho.
Spika ya mlango wa teksi.
Sega la alumini, la kuipoza chipu.
Shafiq akapima vyote kwenye mizani ya tende,
riyali moja na nusu,
akaweka fyuzi juu yake, bure.
"Bila hii," kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
"ami wako ataungua kifua."

Usiku wa kwanza, moshi.
Usiku wa tatu, mvumo, nyuki ndani ya ukuta,
nikautafuta waya kwa waya hadi alfajiri:
ule wa ardhi nilikuwa nimeulehemu hewani.
Nikaugusisha.
Kimya.
Si kimya cha kitu kilichokufa.
Kimya cha mtu aliyevuta pumzi, anataka kusema.

Sanduku likawa bati la halwa la Idi iliyopita.
Nililitoboa kwa mkasi, likanitoboa dole gumba.
Mkanda wa begi la shule, aning'inize begani.
Chipu ikipata moto, bati lilitoa
harufu ya zafarani.

Akaleta maikrofoni mdomoni.
Pumzi ndiyo iliyotangulia,
kubwa, ya pampu ya baiskeli, ikajaa sebule.
Akazima. Akatoka uani.
Sikumfuata. Nilisikia akifungulia maji
muda mrefu kuliko mikono miwili.
Akarudi, akawasha:
"Shinuna. Hiyo AC ya chumbani kwako.
Nani anailipia?"
Na Bi Ghaniya, nyuma ya ukuta wake:
"Muulize, Zahran! Muulize!"

Nikasema, basi Ijumaa twende.
Akalitazama bati, akalipiga kofi dogo.
"Yaani umenitengenezea gitaa
nikampigie mbuzi."

Ijumaa. Duara. Watu kama kawaida.
Aliinama kufunga kamba, maikrofoni ikaelekea spika,
ukatoka mluzi wa kupasua meno.
Mbuzi wakatawanyika, mmoja akapanda mapajani
mwa Bedui mwenye barakoa, naye hakumshusha,
alimtazama meno, akampapasa mbavu.
Nilitaka ardhi inimeze.

Ami akalisukuma bati mgongoni, akaanza kutembea.
Sauti ilikuwa mbaya. Niseme kweli.
Ya kukwaruza, ya bati, si yake,
na neno "arubaini" lilikatika katikati
likaungwa upande wa pili.
Hakuna aliyesema mashaallah.
Hakuna aliyemwonea huruma.
Mzee mmoja aliyechuchumaa,
mkongojo kati ya magoti,
hakuinua hata kichwa:
"Thelathini na nne."

Ami akamgeukia na dharau yake ya zamani,
nzima, haijapungua hata chembe,
na nyuma yake, juu ya samadi na vumbi,
ikapita zafarani.