Sababu ya Nne

Edisa ana swali la historia, taa ya sola inapepesa:
"Toa sababu tatu zilizofanya Wagothi waasi,
kisha eleza jinsi jeshi la Rumi lilivyoshindwa."
Tatu anazo, kaziandika kwa wino wa bluu:
njaa; kodi; viongozi wabaya.
Ananisomea, mimi nachambua maharage.

Walifika mtoni wakikimbia wapanda farasi wa mashariki,
wakaomba kuvuka. Wakavushwa kwa mitumbwi na magogo,
mto umefura, wengine wakabaki humo.
Ng'ambo walipokewa na maofisa wenye madaftari.
Chakula kilikuwepo. Kiliuzwa.
Mbwa mmoja kwa mtoto mmoja.

"Mbwa wa nini, baba?"
Wa kula, mwanangu.
Akaandika, akafuta, akaandika tena.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa nane,
jua kama hili letu la Makere:
Kaisari kawatoa askari alfajiri, hawajala,
chuma kinawaka mwilini.
Wagothi wamepanga mikokoteni duara, watoto ndani,
wamechoma nyasi. Moshi huo naujua,
wa kiangazi, unaotoka Malagarasi ukakaa kooni.
Wajumbe wanakwenda, wanarudi, wanakwenda,
midomo inakauka.
Kisha mshale wa mtu mmoja asiye na subira,
na farasi wakashuka mlimani kama radi,
kitabu kinasema. Mimi nasema kama gunia
likifumuka mshono: mara moja, lote, hulizuii.
Askari wakabanana, mkono ukakosa pa kuinulia upanga.
Theluthi mbili wakalala palepale.
Mwili wa Kaisari haukuonekana.

"Baba, mbona umeacha maharage?"

Mwaka ule watu walipovuka kuja kwetu
nilikuwa karani wa ghala. Nilipima unga.
Chini ya sahani ya mizani palifungwa kipande cha tofali,
kidogo, hakizidi mche wa sabuni uliokwisha nusu.
Sikukifunga mimi. Sikukifungua.
Mama mmoja, Sinzinkayo, alitazama mshale wa mizani,
akanitazama mimi,
akajitwika mfuko wake, akasema: "Murakoze."
Basi. Hakuna aliyechoma nyasi.
Hakuna farasi aliyeshuka kutoka mlima wowote.

Nikamwambia Edisa: ongeza ya nne.
"Mwalimu kataka tatu."
Andika pembeni basi, hata kwa penseli:
mizani.

Akachonga penseli kwa wembe, polepole.
Kisha akauliza
kama inaanza kwa herufi kubwa.