Ijumaa, Mlima Sofe

Goti la Mahrokhi lina ulimi wake,
kila ngazi linanung'unika.
Ardavani, mjukuu, ametangulia na chupa ya chai.

"Bibi, tazama Isfahani! Makuba ya buluu, yale!"

Anafinya macho. Anahesabu mapaa:
kushoto kwa tanuri la matofali, mtaa wa tatu,
anatafuta blanketi jekundu aliloanika alfajiri.

Mto mwaka huu hauna maji;
toka huku juu ni mkanda wa vumbi,
madaraja yanauvuka kwa mazoea tu.
Hilo hawalisemi.
Wanamenya matango, wanatia chumvi.

"Limeanguka kwa jirani!"
Bibi keshainuka, mtandio mdomoni,
goti limesahau kulalamika.

"Na picha? Hatujapiga hata moja!"

"Kesho. Makuba hayapeperuki."